Mama alikatwa ziwa akakatazwa kunyanyua kitu maisha yake yote. Sasa fizio anamnyanyulisha chupa za mchanga na amerudi kucheka. Ni mazoezi au ni wenzake?

#1 Binti_Mlalo
Habari zenu wadau. Nisaidieni, nyumbani hakukaliki.

Mama yangu ana miaka 58. Mwaka juzi alikatwa ziwa la kushoto pamoja na tezi za kwapani, akapigwa dripu nane za kemo, akamalizia na mionzi Dar. Siku ya kuruhusiwa aliambiwa neno moja ambalo ukoo mzima umelishika kama amri: huo mkono usibebe kitu. Basi mkono ukawa mgeni ndani ya nyumba. Hachoti maji, hasongi ugali, hachani nywele zake mwenyewe, mtoto wa kaka akimkimbilia tunamdaka njiani. Mwaka mzima anashinda kwenye kigoda barazani, mkono kaulaza mapajani. Bega likaganda. Sidiria anafungwa, khanga anafungwa. Mwili ukaongezeka, usingizi ukakata, ukimsalimia anajibu "sijambo" ya mdomoni tu.

Mwezi wa tatu akaja fizio mpya hospitali ya wilaya, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, binti mdogo. Akakusanya akina mama saba waliopita njia hiyo hiyo, Jumanne na Ijumaa, korido ya nyuma ya kliniki ya watoto. Wanatambaza vidole ukutani, wanapandisha mpini wa ufagio juu ya kichwa, wananyanyua chupa za nusu lita zilizojazwa mchanga. Kila mmoja ana alama yake ya penseli ukutani, pale vidole vilipofika siku ya kwanza. Ya mama ilikuwa usawa wa kidevu chake. Juzi nimeiona mpya, imepita fremu ya dirisha.

Na anacheka. Jumapili kasonga ugali wa watu sita. Shangazi alipomkuta kashika mwiko aliangua kilio, akasema tunamuua. Mama mkubwa naye anasema mazoezi hayana lolote, kilichomponya ni wale wanawake anaokaa nao.

Nawaulizeni mawili. Mkono utavimba au hautavimba? Na kinachomrudisha mama ni mazoezi au ni wenzake?

#2 Mzee_wa_Pangani
Shangazi mtu mzima, msikilizeni. Jirani yangu alifanyiwa upasuaji kama huo, akakaa vizuri miezi kumi na mkono umetulia. Siku moja mtoto hayupo, akajitwisha ndoo ya lita 20 toka kisimani. Wiki haikuisha mkono umekuwa kama paja. Hayo matende hayana dawa. Chupa za mchanga leo, kesho ndoo.

#3 Kijana_wa_Msoma
Naweka kambi hapa. Dada yangu mkubwa yuko dripu ya tano.

#4 Fizio_Kanda_ya_Ziwa
Binti, shangazi usimgombeze. Katazo hilo tulilitoa sisi watu wa hospitali, miaka na miaka, hapa na ng'ambo. Wanawake waliambiwa wasibebe watoto wao, wasibebe mfuko wa sokoni. Shangazi ameshika alichofundishwa na ameshika kwa upendo.

Hoja ilikuwa hivi. Limfu ni yale majimaji yanayobaki kwenye nyama damu ikishapita. Damu ina moyo wa kuisukuma, limfu haina. Vijia vyake vinajikamua vyenyewe, na vinasaidiwa na misuli inapokaza na kulegea, na kifua kinapopanda na kushuka. Ukiondoa tezi za kwapani umepunguza njia. Wakubwa wetu wakasema: njia imepungua, basi usilete mzigo. Inaingia akilini kabisa. Ila hakuna aliyekuwa ameipima.

Mmoja wa walioipima ni mama mtafiti wa Marekani, Kathryn Schmitz. Mwaka 2009 alitoa matokeo kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Wanawake 141, wote mkono ulikuwa umeshavimba tayari. Wakagawanywa kwa kura, kundi moja likanyanyua vyuma mara mbili kwa wiki mwaka mzima, wiki 13 za mwanzo wakiwa na mwalimu, jingine likaendelea na maisha ya kawaida. Uvimbe kuchachamaa: 14 kwa mia kwa walionyanyua, 29 kwa mia kwa wasionyanyua. Mwaka uliofuata akatoa ya wanawake 154 ambao mkono haukuwa umevimba. Walioanza kuvimba: 11 kwa mia kwa walionyanyua, 17 kwa wasionyanyua. Kwa waliotolewa tezi tano au zaidi, 7 dhidi ya 22.

Mzee wangu wa #2, jirani yako simbishii. Lakini soma ulichoandika mwenyewe: mkono umepumzika miezi kumi, halafu kilo ishirini kwa siku moja. Akina mama wa Schmitz walianza na uzito mdogo sana, wakaongezewa taratibu, na mkono ukileta dalili walirudi nyuma. Mkono uliozoezwa na mkono uliofichwa si mkono mmoja.

#5 Mzee_wa_Pangani
Mwanangu nimekusoma na nashukuru kwa heshima. Ila hao wako Marekani, wana jimu, wana soksi za kubana mkono, wana mwalimu wa kuwatazama. Jirani yangu alikuwa na kisima tu.

#6 Fizio_Kanda_ya_Ziwa
Hapo umesema kweli tupu, Mzee. Wale waliokuwa wamevimba walivaa soksi ya mkono wakati wa kunyanyua. Sitaificha hiyo.

#7 Mkunga_Mstaafu
Mzee wa Pangani, shikamoo. Naomba nirekebishe neno moja kwa sababu nimeona limeumiza watu. Haya si matende. Matende ya mwambao, ambayo wewe na mimi tumekua tukiyaona Pangani na Tanga, yanaletwa na minyoo inayoenezwa na mbu. Ndiyo yale tuliyokuwa tunagawiwa vidonge vijiji vizima. Mkono wa mama aliyekatwa ziwa umevimba kwa sababu njia ya limfu imekatwa kisuni au imeungua mionzini. Hakuna mdudu ndani.

Nasema hivi kwa sababu nilipokea mama ambaye nyumbani walisikia "matende" wakampeleka akachanjwa chale mkono mzima "ili maji yatoke". Alikuja mkono mwekundu, wa moto, anatetemeka kwa homa. Mkono ule hautakiwi kuingia vijidudu hata kwa mwiba wa mchongoma. Ukibabuka bakteria wanaingia, na kila wanapoingia vijia vilivyobaki vinazidi kuharibika. Aliishi, lakini mkono haukurudi tena ukubwa wake.

#8 Mzee_wa_Pangani
Marahaba mama. Nimelipokea. Uvimbe basi.

#9 Kibibi_wa_Likoni
Asalaam aleikum watu wa bara. Mimi ndiye mwenyewe, si wa kuhadithiwa. Ziwa la kulia, mwaka wa nne huu. Mkono wangu ulifura mwezi wa pili, kabla sijabeba hata kikombe. Nilikuwa nimekaa kitako kama nilivyoambiwa. Kwa hiyo anayesema mzigo ndio unaofurisha anieleze mimi nilibeba nini.

Na kuna kitu hamjakitaja. Kabla ya kufura nilitokewa na kamba kwapani. Kamba kabisa, ukiinua mkono unaiona imejinyoosha chini ya ngozi mpaka kwenye kiwiko, kama uzi wa gitaa. Nikadhani maradhi yamerudi. Usiku tatu sikulala. Mtu wa mazoezi aliponishika akaniambia dada hii si saratani, ni vijia vilivyokauka baada ya kisu, tutavinyoosha pole pole. Wiki sita hivi kamba ikapotea. Yale maneno yake ya siku ile yalinifaa kuliko dawa yoyote niliyowahi kumeza.

#10 Mtani_Mzigua
Kibibi pole sana, Mungu akuzidishie afya. Lakini huku kwetu mtu hufura kwa hasira. Mkono ukifura tunaanza kwa kuuomba radhi.

#11 Kibibi_wa_Likoni
Mtani, kwa sindano zilizopigwa mshipa huo huo mara sita, mkono wangu ulikuwa na haki ya kufura Kitanzania na Kikenya.

#12 Fizio_Kanda_ya_Ziwa
#9 nakazia. Kamba hizo hutokea wiki za mwanzo baada ya upasuaji na wengi hawaambiwi. Mtu anaiona, anaogopa, anaacha kuinua mkono, bega linaganda. Halafu tunasema saratani imemlemaza, kumbe ni hofu.

Ndiyo maana ya kusimamiwa. Uingereza walifanya utafiti wa wanawake 392 wenye hatari ya kupata shida ya bega, matokeo yakatoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2021. Walioanza na fizio siku ya 7 hadi 10 baada ya kisu, kwa mpango na kufuatiliwa, mikono yao ilifanya kazi vizuri zaidi baada ya mwaka kuliko waliopewa karatasi ya maelekezo tu. Angalieni: makundi yote yaliambiwa wajongeze mkono. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na mtu.

#13 Takwimu_Safi
Fizio, kwa sentensi yako ya mwisho umempa ushindi mama mkubwa wa Binti. "Mmoja alikuwa na mtu." Utajuaje kama ni mpango wa mazoezi au ni huyo mtu?

Niweke tahadhari nyingine kabla watu hawajaanza kusema mazoezi yanazuia saratani ya matiti isirudi. Kuna utafiti mashuhuri wa 2005, wauguzi 2,987 wa Marekani waliokuwa na saratani ya matiti. Waliotembea kiasi cha saa 3 hadi 5 kwa wiki walikufa wachache kuliko waliokaa. Watu wanaunukuu kila mahali. Lakini hakuna aliyewagawa kwa kura nani atembee na nani akae. Mgonjwa ambaye ugonjwa unamtafuna ndani kwa ndani hatembei. Anayetembea huenda anatembea kwa sababu ni mzima.

#14 Coach_Temeke
Takwimu umepitwa na wakati mkuu. Mwaka 2025 imethibitishwa kwa watu waliogawanywa kwa kura kabisa, mazoezi yanapunguza saratani kurudi. Imetangazwa dunia nzima.

#15 Takwimu_Safi
Coach, huo ni wa utumbo mpana. Watu 889, wengi Kanada na Australia, walikuwa wamemaliza upasuaji na kemo. Miaka mitatu ya mazoezi ya kufuatiliwa, hatari ya ugonjwa kurudi, kuzuka mpya au kufa ikapungua kwa asilimia 28. Ni kazi kubwa na niliisoma kwa furaha. Ila utumbo si ziwa. Usimpe mama wa mtu ahadi ambayo hakuahidiwa.

Na tena kwenye huo huo, waliofanya mazoezi walikuwa na mtu wa kukutana nao mara kwa mara kwa miaka mitatu. Mtu yule yule wa #12.

#16 Coach_Temeke
Sawa, nimekosea kiungo. Narudi kwenye mstari.

#17 Mama_wa_Mapacha_Tbt
Mimi niko upande wa mama mkubwa. Nilimaliza mionzi nikapewa video kwenye simu, mazoezi mazuri tu, dada anahesabu kwa sauti tamu. Nilifanya siku tisa. Siku ya kumi nikajifunika shuka.

Baadaye nikapata kikundi, tunakutana kanisani nyuma, watano. Siku ya kwanza ilikuwa joto la Februari. Mmoja wetu, mwalimu wa sekondari, akavua kilemba akakiweka kwenye benchi, kipara chake kinang'aa jasho. Mwingine akachomoa kitambaa alichojishonea akajaza pamba kama ziwa, akakiweka pembeni ya kilemba, akasema "kinaniwasha". Hakuna aliyegeuka. Mimi nilikuwa sijawahi kukaa mahali popote tangu upasuaji bila kuvuta khanga kifuani, hata mbele ya mume wangu. Siku ile niliivua.

Mazoezi yenyewe yalikuwa kuzungusha mabega na kutembea kuzunguka kanisa mara kumi. Sidhani ni kule kuzunguka.

#18 Nahodha_wa_Kilwa
Mama wa Mapacha umeniliza nikiwa kazini.

Nichangie cha baharini. Vancouver, Kanada, mwaka 1996, daktari wa michezo anaitwa Don McKenzie alikuwa hataki kuamini hilo katazo la mkono. Akachukua wanawake 24 waliokwisha kutibiwa saratani ya matiti akawapandisha kwenye mtumbwi mrefu wa kichwa cha joka, wapige makasia. Kasia ni kazi ya mkono na bega hasa, tena kwa kurudia rudia, ndicho walichokatazwa. Akawafundisha kwanza jimu, ndipo majini. Msimu ukaisha hakuna mkono mpya uliovimba. Leo wanawake kama hao wanapiga makasia nchi nyingi duniani.

Na hapo nashindwa kuamua. Kwenye mtumbwi ule huwezi kupiga kasia peke yako. Ukichelewa mdundo unamgonga wa mbele. Ni zoezi au ni wenzako? Ni kitu kimoja.

#19 Mtani_Mzigua
Sasa hapo tuwaze ngalawa. Mashindano ya ngalawa ya akina mama, Pangani hadi Ushongo. Mzee wa #2 atoe chombo.

#20 Mzee_wa_Pangani
Chombo ninacho na nitatoa. Ila ngalawa ni tanga, si kasia, huyo mtani hajui bahari. Nitatoa mtumbwi. Na atakayeshika kasia awe ameruhusiwa na Fizio, si na mtani.

#21 Mume_Kigamboni
Niongeze sababu ya tatu ambayo hamjaigusa: usingizi.

Mke wangu yuko kwenye anastrozoli, kidonge kila siku. Vidonge hivyo vinakausha homoni na viungo vinauma. Asubuhi alikuwa hawezi kufungua mfuniko wa chupa ya asali, anashuka kitandani kama bibi wa miaka tisini. Alitaka kuviacha. Daktari wake akamwambia kabla hujaacha, tembea. Marekani waliwapima wanawake 121 wenye maumivu hayo hayo, mwaka 2015, waliofanya mazoezi ya kufuatiliwa maumivu makali yalishuka kwa asilimia 29.

Tukaanza wawili, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nyumbani mpaka feri na kurudi. Hakuna kikundi, mimi na yeye, na mara nyingi tunatembea kimya. Wiki ya tatu akaanza kulala usiku mzima. Alipolala, maumivu yakapungua. Alipopungukiwa maumivu akaanza kuongea. Mimi nasema kila kitu kilianzia kwenye usingizi.

#22 Mama_wa_Mapacha_Tbt
Mume, na wewe kuamka saa kumi na moja kila siku kwa ajili yake hukuhesabu? Huyo ni "mwenzake".

#23 Mume_Kigamboni
Sikuwa nimefikiri hivyo. Labda.

#24 Mkulima_Mbozi
Nyie mjini mna mazoezi. Mke wangu alishika jembe mwezi wa nne baada ya upasuaji, hakuna fizio, hakuna soksi, mahindi yalikuwa yanaliwa na majani. Mkono uko vilevile mpaka leo, mwaka wa sita. Kwa nini kazi zetu hazihesabiwi kuwa mazoezi?

#25 Fizio_Kanda_ya_Ziwa
Zinahesabiwa, Mkulima, na mkeo mpe hongera zangu. Shida ya jembe ni kwamba mzigo wake haupimiki. Shamba linataka limalizike, mvua haisubiri, na mtu hawezi kusema leo naishia mistari miwili. Chupa ya mchanga inasubiri. Ndiyo tofauti pekee ninayoiona, na nakiri wanawake wengi wa kijijini wamerudi shambani na mikono yao imetulia. Wengine haikutulia. Siwezi kukuambia kabla nani ni nani.

Kuhusu uchovu, maana ndio unaowaweka wengi kitandani: uchovu wa saratani hauishi kwa kulala. Wataalamu wa nchi kadhaa walikaa wakatoa mwongozo 2019: nusu saa ya kutembea kwa kasi, mara tatu kwa wiki, na uzito mara mbili kwa wiki, inasaidia uchovu, wasiwasi, sonona na nguvu za mwili. Kutembea kiasi cha kuongea unaweza lakini kuimba huwezi.

#26 Mkunga_Mstaafu
Vijana mnakwenda mbio, ngoja niwashike shati.

Kabla ya chupa ya kwanza, damu ipimwe. Mama aliyetoka kwenye kemo damu iko chini, ukimkimbiza ataanguka. Aliyepigwa ile dripu nyekundu, doksorubisini, moyo wake uulizwe, maana dawa hiyo inaweza kuuchosha moyo hata miaka baadaye. Aliyepigwa dripu ya pakilitakseli akawa na ganzi nyayoni asipandishwe kwenye ngazi wala asiruke, hajui anakanyaga wapi. Na yule mwenye maumivu ya mfupa ya mahali pamoja, yanayomwamsha usiku, huyo asishike uzito wowote mpaka mfupa upigwe picha.

Nayasema kwa uchungu. Mdogo wangu wa tumbo moja alilalamika kiuno miezi miwili. Kila alikokwenda aliambiwa ni mazoezi hujazoea, endelea. Hayakuwa mazoezi. Hospitali siitaji. Aliyemsimamia hakuwa mbaya, hakuuliza tu. Kusimamiwa si kuhesabiwa moja mbili tatu. Ni kuulizwa kila siku unapofika: leo unaumwa wapi?

#27 Binti_Mlalo
Mkunga pole sana. Mama huwa anaulizwa swali hilo hilo mlangoni kabla hajashika chupa. Nilidhani ni salamu.

#28 Kijana_wa_Msoma
Swali la haraka: dada anakatazwa kupimwa presha mkono ule. Juzi nesi aliupima kwa bahati mbaya, nyumba nzima tumeshinda tunautazama.

#29 Fizio_Kanda_ya_Ziwa
Tulieni. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa wagonjwa 632 waliopimwa mikono mara kwa mara. Presha, kutolewa damu, kupanda ndege, hakuna kilichoonekana kuongeza uvimbe. Vilivyoonekana ni kuondolewa tezi nyingi, mionzi kwenye tezi, unene, na maambukizi ya ngozi kama aliyoeleza Mkunga #7. Mkono mwingine upo, utumieni huo, hakuna hasara. Lakini kosa la mara moja lisimnyime dada usingizi.

#30 Kibibi_wa_Likoni
Unene umetajwa kimya kimya na mimi sitauacha upite. Mwaka mzima mama wa Binti kakalishwa kwenye kigoda, akanenepa. Kwa hiyo katazo la kumlinda asivimbe huenda ndilo lililomsogeza karibu na kuvimba? Mimi pia niliongezeka kilo kumi na moja nikilindwa. Kila aliyenitembelea alikuja na kitu cha kula na kuniambia nisiinuke.

#31 Takwimu_Safi
Kibibi, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote kwenye uzi huu, na hata mimi sina cha kuipinga.

#32 Dada_wa_Handeni
Mnazungumza kama kila wilaya ina korido. Kutoka kwetu mpaka kwa fizio ni bodaboda elfu nne kwenda, elfu nne kurudi, mara mbili kwa wiki. Mama aliye kwenye matibabu ameshauza mbuzi wote. Mama yangu alienda mara tatu akaacha, si kwa uvivu. Mazoezi yawe bora kiasi gani, nauli inaamua.

#33 Coach_Temeke
Huku joging klabu zimejaa kila mtaa, fulana za rangi, Jumapili alfajiri mpaka ufukweni. Sijawahi kuona mama aliyekatwa ziwa ndani yake. Au labda nimewahi na sikujua. Jumapili hii nitasimama mbele ya klabu yangu niseme kwamba kuna mstari wa nyuma wa kutembea, na mtu yeyote anakaribishwa bila kuulizwa sababu.

#34 Mama_wa_Mapacha_Tbt
Coach, klabu ipi? Nitakuja na wenzangu wanne.

#35 Coach_Temeke
Nakufuata inbox mama. Karibuni sana.

#36 Binti_Mlalo
Mrejesho wadau, na asanteni wote.

Jana nilichukua futi ya fundi cherehani nikampima mama mikono yote miwili, sehemu tatu kama fizio alivyotuonyesha. Juu ya kiwiko kushoto 31 na nusu, kulia 31. Fizio anasema tofauti ikifika sentimita mbili nimwite. Tumeandika kwenye daftari la mdogo wangu la hesabu, tutapima kila mwisho wa mwezi.

Shangazi nilimsomea #4 na #7 kwa sauti. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema yeye mwaka mzima anaamka alfajiri kumwombea mama, na dua hizo ndizo zilizomwinua, fizio amekuja kukuta kazi imeshafanyika. Mama akacheka akamwambia wifi, hata mimi naona hivyo, ila Ijumaa twende wote. Wameenda. Shangazi kakaa kwenye benchi, hakuondoa macho kwenye ule mkono hata dakika moja. Zoezi la fimbo walipofika akasimama naye akainua ya kwake. Kumbe bega lake la kulia halipandi, analificha tangu avunjike mwaka 2019.

Mama mwenyewe nilimuuliza lile swali la pili. Alijibu: "Siku ya kwanza nilikwenda kwa sababu ya mkono. Siku ya pili nilikwenda kwa sababu Mama Zaina alisema atanisubiri." Sijui hiyo ni jibu la nani kati yenu.

Kinachoniogopesha sasa: fizio ana barua ya uhamisho, mwezi wa saba anaondoka. Hatujui kama atakuja mwingine.

#37 Fizio_Kanda_ya_Ziwa
Binti, asiondoke kabla hajamfundisha mmoja wao. Achague yule mwenye kelele, si yule mwenye mkono mzuri. Amwachie maswali ya mlangoni yameandikwa, futi, daftari, na namba ya simu ya fizio yeyote wa mkoa. Nimekutumia yangu inbox. Picha za mikono wanitumie, nitajibu.

#38 Takwimu_Safi
Na mkiendelea bila fizio, andikeni kila siku nani kaja. Baada ya mwaka mtakuwa na kitu ambacho sisi wote humu hatuna.

#39 Mzee_wa_Pangani
Mwenye kelele. Hapo umesema, mwanangu.

#40 Dada_wa_Soni
Samahani nimesoma uzi wote usiku huu na nimechelewa kuingia. Mama yangu amemaliza mionzi wiki tatu zilizopita, bega halifiki hata sikioni. Binti, hiyo Jumanne anaweza kuja mtu ambaye si wa tangu mwanzo? Tukipanda gari la saa kumi na mbili asubuhi tutawahi?

#41 Binti_Mlalo
Mtawahi, wanaanza saa tatu. Mpitie kwanza kwa daktari wake awaandikie, aje na cheti cha kuruhusiwa na majibu ya damu ya karibuni. Msipite geti kubwa, piteni mlango wa kliniki ya watoto, nyooka mpaka utakapoona ukuta wenye penseli. Njooni na chupa mbili za nusu lita. Mchanga upo.